Gari Lililopimwa Likishuka

Wapendwa, msisinzie. Mimi nikihubiri hata jenereta huwa linaokoka!

Kulikuwa na mzee mmoja kule Lushoto, ana pikapu kuukuu ya kupeleka kabichi Mombo, chini kabisa ya mlima. Inakohoa wilaya nzima inasikia, lakini mlima ule haukuwahi kuishinda. Jirani yake akanunua pikapu mpya, inang'aa mpaka kuku wanajitazama. Kila jioni anamchokoza:

"Jirani, hii hainywi mafuta, inanusa tu! Lita moja, kilomita thelathini! Hilo lako lina kiu ya ngamia."

Weee! Wivu ukamkaba yule mzee. Usingizi ukahama, ugali ukawa mchungu kama shubiri.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, gari hilo ndilo linalotulisha."

"Nyamaza, mama! Nichekwe mpaka lini?"

Akaliuza, akachukua jipya, pacha wa lile la jirani.

Safari ya kwanza, kaweka mafuta kidogo kwa hesabu ya zile thelathini, anarudi kutoka Mombo na mzigo wa saruji. Katikati ya mlima, mafuta kwisha! Kasimama juani, mara gari lake la zamani hilo linapita na mwenye nalo mpya, linakohoa, linapanda. Alilia machozi ya kujaza tangi.

Akamwendea jirani. "Kaka, niambie kweli. Hizo thelathini unazipimaje?"

"Nikishuka kwenda Mombo. Naweka nyutro, linateleza lenyewe."

"Na kupanda?"

"Aa, kupanda huwa sipimi."

Mmesikia? Mlima mzima hapimi! Mimi shule niliishia la nne, lakini hesabu hiyo hata mbuzi anaikataa.

Sasa sisi. Dada, unaionea wivu ndoa ya yule wa benchi la mbele. Umewaona Jumapili wameshikana mikono, wanashuka. Jumanne wakipanda, ulikuwepo? Kaka, unaichukia kazi yako kwa sababu ya picha aliyokutumia mwenzio kwenye simu. Alikutumia na ya siku aliyolala njaa?

Na sisi wenye midomo, maana nami nimo, tukisimama kushuhudia tunasimulia mteremko tu. Huku nyuma kuna mtu anatusikiliza, anakwenda kuuza alichopewa na Mungu. Siku atakapokusimamisha mbele za Bwana akuulize, "Kwa nini hukuniambia?", utamjibu nini?