Fundi Cherehani Aliyevaa Gunia

Hadithi!
— Ilete!
Hadithi!
— Ilete, tunaingoja!
Niilete imevaa au haijavaa?
— Imevaa!
Itavaa nini, na fundi wake ni mimi? Haya, sogeeni motoni, lakini mikono isilale. Kila mmoja achambue pamba yake huku anasikiliza. Wa kukaa bure ni mmoja tu, naye ni mimi.

Hapo kale, si kale sana, maana meno yangu yalikuwa yangalipo yote, palikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa na cherehani. Mtu huyo alikuwa na majivuno. Mtu huyo hakuwa na akili. Mnamtafuta? Msihangaike, ndiye huyu mnayemtazama. Jina langu Lugembe, lakini siku zile ukiniita Lugembe sigeuki. Nilitaka niitwe Fundi.

Wakati huo nguo zilikuja kwa lori. Lori likiingia, robota linakatwa kamba, watu wanachagua mitumba yao. Suruali ikiwa ndefu wananiletea niipinde. Shati likiwa pana wananiletea nilibane. Basi nikajiona mimi ndiye ninayeivisha nchi nzima. Kumbe sijawahi kutengeneza hata nguo moja, nilikuwa napunguza za wengine tu.

Kisha dunia ikaharibika. Msiniulize nani aliiharibu, kila aliyejua alishakimbia. Mafuta yakaisha, malori yakakoma, mji ukafungwa. Mwaka wa kwanza tukasema, yatarudi. Mwaka wa pili tukasema, yako njiani. Mwaka wa tatu hakuna aliyesema kitu, maana suruali zilikuwa zimeishia magotini.

Watu waliogopa. Mimi nilicheka. Nikamwambia mke wangu Nyanzala, "Mama Holo, tulia. Nyumba yenye cherehani haiwezi kukaa uchi."

Akaniuliza, "Na uzi unao, Baba Holo?"

Nikamjibu, "Hilo niachie mimi."

Uzi sikuwa nao.

Sasa sikilizeni akili ya Fundi. Gauni la Nyanzala lilichanika bega. Nikafumua pazia nipate uzi, nikalishona gauni. Sketi ya binti yetu mkubwa, Holo, ikachanika. Nikafumua shati langu, nikaishona sketi. Sketi ya mdogo wake, Limi, ikachanika. Nikafumua gauni la Nyanzala, lile lile nililolishona, nikaishona sketi ya Limi. Nafumua, nashona. Nafumua, nashona. Nafumua, nashona. Kila nikifumua uzi unakatika, kila nikishona kitambaa kinazidi kuchakaa. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama mwaka ule, na kadiri nilivyoshona ndivyo tulivyozidi kuwa uchi.

Mwisho nyumba nzima ikabaki na kanga moja, nayo ukiiinua juani unamwona mtu aliye upande wa pili. Nyanzala akiivaa kwenda kisimani, mabinti wanakaa ndani. Holo akiivaa kwenda kuokota kuni, mama na Limi wanakaa ndani. Mimi nilivaa gunia la mbolea, nimelitoboa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Mgongoni lilikuwa limeandikwa WEKA MBALI NA WATOTO. Binti zangu walilisoma kwa sauti kila nilipogeuka.

Ningecheka nao, lakini Nyanzala alikuwa mjamzito. Siku moja akaniita ndani, akasema, "Baba Holo, kipupwe kikiingia na mimi siku zangu zimefika. Huyu mtoto nitampokelea kwenye nini? Nitambeba kwa mbeleko gani?"

Kipupwe cha huku kwetu mnakijua. Upepo wake hauna huruma na mtoto mchanga. Mwaka uliotangulia, jirani yetu Mama Kulwa alimzika wake, hakuwa na cha kumfunikia. Nilipoyasikia maneno ya Nyanzala nikaogopa, na sikumwambia mtu. Nilijikuna kidogo ndani ya gunia, nikasema, "Nguo nitaileta." Kwa mdomo huu huu.

Nikatoka. Nikakatiza shamba letu la pamba. Enhe, pamba tulikuwa tunalima bado, kila msimu, kwa mazoea, tukingoja lori la mnunuzi. Ilikuwa imepasuka, shamba zima jeupe pe! Ikaganda kwenye gunia langu. Nikaipukuta, nikasema, "Niondokee, mimi natafuta nguo!"

Nani huyo anacheka? Ngoja kwanza.

Nikamkuta mbuzi. Nikamwambia, "Mbuzi, mbuzi, nipe nguo."

"Fundi, fundi, umepita wapi?"

"Nimepita shambani kwangu."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

Mbuzi akatafuna, akameza, akasema, "Manyoya yangu mafupi, na ngozi yangu naihitaji mwenyewe. Nenda mbele."

Nikarudi shambani, nikakatiza tena. Pamba ikaganda, nikaipukuta. Nikamkuta mnana anafuma kiota chake.

"Mnana, mnana, unajua kufuma, nifumie nguo."

"Fundi, fundi, umepita wapi?"

"Nimepita shambani kwangu."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

Mnana akachungulia mlangoni pake, akasema, "Mimi nafuma nyasi, na ndani nimetandika kitu laini nilichokiokota kwako. Fundi wa nini wewe?"

Nikaona ananitukana tu. Nikarudi, nikakatiza shamba mara ya tatu. Pamba ikaganda, nikaipukuta. Nikamkuta buibui.

"Buibui, buibui, nipe uzi."

"Fundi, fundi, umepita wapi?"

"Nimepita shambani kwangu."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Uzi wangu mimi unatoka tumboni mwangu," akasema buibui. "Tumboni mwako mna nini?"

"Mna uji wa mtama."

"Basi kashonee huo. Nenda kwako, umenichosha."

Haya, sasa chekeni, nimewapa ruhusa. Lakini niwaeleze kichwa changu kilivyokuwa. Kwangu mimi pamba ilikuwa kitu cha kuchuma, kushindilia guniani, kupima kwenye mzani, kisha kwaheri. Lori la pamba liliondoka kwetu. Lori la nguo lilikuja kwetu. Malori hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Wala sikuwa peke yangu. Kijiji kizima tulikaa katikati ya shamba jeupe, meno yanagongana kwa baridi, macho yako barabarani.

Nikafika nyumbani mikono mitupu. Kanga alikuwa ameivaa Holo, kwa hiyo Nyanzala alikuwa ndani, kakaa juu ya godoro letu. Godoro kalichana. Anavuta pamba kidogo, anaiviringisha pajani kwa kiganja, anavuta tena, anaviringisha tena.

Nikapiga kelele, "Mama Holo! Unaharibu godoro!"

"Nasokota."

"Unasokota nini?"

Akainua mkono. Kidoleni pake ukaning'inia uzi. "Uzi, Fundi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mke wangu kuniita Fundi, na siku hiyo ndiyo nilitamani aniite Lugembe.

Lakini mjinga haponi kwa siku moja. Nikaunyakua ule uzi, nikakimbilia cherehani. Uzi mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, naulazimisha uingie. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, ikavunjika. Nikaweka ya mwisho, ikavunjika. Nyanzala akaisogeza cherehani pembeni, akaweka sufuria juu yake. Kisha akagawa kazi. "Holo utachuma. Limi utachambua mbegu. Wewe, Baba Holo, kwa kuwa una vazi la kutokea nje, kaniletee miti minne."

Nikaleta miti minne. Akaifunga ikawa fremu, akatandaza nyuzi kutoka juu hadi chini, akaanza kupitisha nyingine katikati yake, juu ya mmoja, chini ya mmoja, kama vile anavyosuka mikeka. Nikafungua mdomo nimshauri. Nikaufunga. Mabinti wakatazamana, maana hawajawahi kuona jambo hilo.

Na mimi nikapewa kusokota. Nilisokota mpaka paja langu halikubaki na unywele. Uzi wa Nyanzala ulinyooka. Uzi wa Limi, mtoto wa miaka sita, ulinyooka. Wangu ulikuwa na mabonge, Nyanzala akawa anauficha chini kabisa ya nguo mahali ambapo macho ya wageni hayafiki.

Mwezi ukapita. Kipupwe kikaingia, na mtoto naye akaja, kabla kazi haijaisha. Ilikuwa adhuhuri. Mama Kulwa akaja kumzalisha, akaufunga mlango. Tukabaki nje, mimi na mabinti waliojibana wawili ndani ya ile kanga nyepesi, pamoja na fremu yetu. Nguo ilikuwa imefika dhiraa moja na nusu, bado imefungwa mitini. Upepo unavuma.

Mtoto akalia. Tukaruka kwa furaha. Kisha kile kilio kikaanza kuwa kidogo, kikazidi kuwa kidogo.

Mama Kulwa akatoa kichwa. Uso wake naukumbuka mpaka leo. "Leteni nguo! Mtoto anapoa!"

"Haijaisha," nikasema.

"Lete hivyo hivyo!"

Nikachukua kisu, nikakata nyuzi kutoka mitini. Na nguo ikaanza kufumuka. Upande wa juu unakimbia, upande wa chini unakimbia, kazi ya mwezi mzima inaniponyoka mikononi. Holo akalia, "Baba, inaisha!"

Hapo, watu wangu, ndipo mikono yangu ilipokumbuka kwamba kuna kitu inajua. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimepinda suruali za watu. Nikaikunja ile ncha mara moja, nikaikunja mara mbili, nikachukua sindano ya mkono nikaanza kupinda. Nilijichoma kidole, sikusikia. Nikamaliza upande mmoja, nikaugeukia wa pili. Pindo lilikwenda kombo, pembe nne hakuna iliyofanana na mwenzake. Lakini ikaacha kufumuka. Nikaipenyeza mlangoni.

Tukasikiliza. Mtoto analia kidogo. Analia kidogo. Kisha kimya.

Kimya kile sikitaki tena maishani mwangu. Nilikaa chini nikiwa na sindano mkononi, nikamwomba Mungu anisamehe miaka yote niliyojisifu.

Mlango ukafunguka. Mama Kulwa akasema, "Amepata joto, amelala. Wa kiume." Nikajifunika gunia usoni, nikalia. Jamani, nililia kwa sauti, na mabinti hawakunisoma mgongoni siku hiyo.

Juma lilipopita, majirani wakaja kumwona mtoto, lakini macho yote yakaishia kwenye ile mbeleko. Wanaishika, wanaigeuza. "Lori limerudi?" wakauliza. "Halijarudi? Basi hii imetoka wapi? Fundi, umeitengeneza wewe?"

Mdomo wangu wa zamani ukafunguka. Jibu lilikuwa tayari, tamu, limekaa kwenye ulimi. Nikamtazama Nyanzala. Yeye hata hakunitazama, alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni taratibu.

Nikasema, "Kaitengeneza mama yake, kwa pamba hii tunayoikanyaga kila siku. Mimi nimepinda tu."

Mmoja akageuka kutazama shamba lake. Wa pili akageuka. Mama Kulwa hakugeuka. Alikuwa ameshika ncha ya ile nguo, haiachii, anaipapasa kwa kidole gumba. Nilijua anayemfikiria. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Akamwambia mke wangu, "Mama Holo, nifundishe."

Nyanzala akasogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.

Hadithi yangu imefika pindoni, na uzi nimeukata. Funzo lake ni hili: mtu akitaka kuivisha nyumba yake, kwanza atazame anachokipukuta kila siku, halafu amsikilize aliyeko ndani kabla ya kwenda kuwasumbua mbuzi. Na atakayesema hadithi hii ni ya uongo, aende akamuulize buibui, ila asimwambie ametumwa na mimi.