Alama Chini ya Chungu

Tumchukue, ndugu waumini, mfinyanzi mmoja mwanamke, katika mji uliozingirwa. Adui alikuwa ameshika chanzo cha mto na kutupa mizoga humo, hata watu wakabaki na maji ambayo kuyanywa ni kuugua na kutoyanywa ni kufa, na kuni za kuyachemsha kila siku hazikuwatosha. Mwanamke huyu peke yake ndiye aliyejua kufinyanga chungu cha kuchuja maji. Alichanganya pumba za mpunga katika udongo. Tanuri likiwaka, pumba huungua, na chungu hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Ujuzi huo aliutafuta ujana wake wote, huku akichekwa.

Asubuhi moja mkuu wa mji akafika uani kwake, na nyuma yake askari wenye bunduki. Mwanamke akawatazama askari kabla ya kumtazama mkuu. Mtu anayekuja kuomba, akawaza, bunduki za nini?

“Mama,” mkuu akasema, “mikono yako miwili haiutoshi mji. Tufundishie wafinyanzi wote.”

“Na adui akiondoka, ujuzi utakuwa wa nani?”

“Watu wanakufa, Mama. Hayo tutayazungumza baadaye.”

Baadaye! Shamba la baba yake lilichukuliwa kuwa kambi kwa neno hilo hilo, na mzee alikufa akilingojea.

Basi akafundisha udongo, akafundisha pumba, akafundisha moto. Jambo moja akalimeza. Yeye, kila chungu kikitoka tanurini, alikijaza maji na kutazama yanavyodondoka; kinachodondosha upesi kina nyufa ndani, naye hukivunja papo hapo. Alipiga hesabu yake hivi: vyungu vibovu vitawashinda, watarudi kwangu kwa adabu, nami nitataja masharti.

Je, walirudi? Wangerudije, na ubovu wenyewe hauonekani? Watu walivigombania vile vinavyodondosha upesi, wakavisifu kuwa ndivyo bora.

Aliyekuja ni jirani yake, mjane, amekumbatia chungu. Akakipindua mbele ya mfinyanzi. Chini yake palikuwa na mistari mitatu ya kitana, alama ambayo mwanamke yule aliitia katika kazi zake tangu usichana.

“Si mkono wako huu?” mjane akauliza. “Nilipoiona alama yako sikuchemsha maji. Mwanangu nimemzika jana.”

Mfinyanzi akakimbia kwa mkuu wa mji kudai aambiwe nani ameiba alama yake. Mkuu akainamisha kichwa. Ni yeye aliyeamuru itiwe chini ya kila chungu, ili vita vikiisha asiwepo wa kukana kwamba ujuzi ni wa mama yule.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilihofu ukijua tunakiri haki yako, utaning'ang'aniza masharti, na watu wanakufa.”

Ndugu zangu, mtoto yule aliuawa na nani? Na aliyemeza jambo moja, au na aliyesema “baadaye”? Sisi tunapenda kumhukumu mmoja, kwa kuwa yule mwingine tunafanana naye. Mwenye ujuzi miongoni mwetu anatoa nusu na kuiita tahadhari; mwenye mamlaka anachukua yote na kuyaita dharura. Leo maji yetu ni safi, na hakuna bunduki uani. Tukishindwa kuaminiana leo, kwa maneno yaliyo wazi na mbele ya mashahidi, tutaaminiana lini?

Mjane yule bado anatembea na chungu chake. Akikipindua mlangoni pako na kuuliza huu ni mkono wa nani, utamwonyesha mlango wa nani?