Majogoo wa Mgongoni mwa Bi Tembo

Hapo kale sana, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wakivaa nguo, Nguchiro alikuwa fundi cherehani. Mdogo wa umbo, mwepesi wa mkono. Cherehani ikilia tik-tik-tik, wanawe wanakula.

Siku moja Fisi akaingia, akaibeba cherehani begani, akaenda nayo kwake.

"Kuanzia leo fundi ni mimi!"

"Mjomba, mimi nitaishije?"

"Njoo ufagie kwangu. Ukibisha, nakutafuna!"

Nguchiro akashika ufagio. Lakini moyoni alisema: itarudi tu.

Haikupita wiki, Bi Tembo akaja, du! du! du!, na jora zima la kitenge. Kilijaa picha za majogoo, wote vichwa juu, wote wanawika.

"Nishonee gauni la harusi ya mwanangu. Kitakachobaki unirudishie."

Alipotoka, Fisi akajilamba. "Nirudishe? Thubutu! We Nguchiro, vipande hupangwaje?"

Nguchiro alijua vizuri. Kitambaa chenye picha zinazotazama upande mmoja, kila kipande hukatwa kikitazama huko huko. Akajikuna sikio.

"Mimi huvipanga vyote shingo ya gauni juu, mjomba. Kitambaa kinakwenda kingi! Lakini fundi mkubwa kama wewe? Cha mbele shingo juu, cha nyuma unakigeuza shingo chini. Vinalala vimebanana, kinabaki tele."

"Nilijua! Nilikuwa nakupima tu."

Mkasi ukalia kwacha! kwacha! Kilichobaki Fisi akakisukuma mvunguni mwa kitanda.

Siku ya kujaribu, Bi Tembo alivaa gauni, akatoka uani majirani wamwone. Mbele, safi kabisa. Akageuka.

"Kwi kwi kwi!" Ngedere, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta, nusura aanguke. "Shikamoo, Bi Tembo! Wa mbele wanawika, wa nyuma mbona vichwa chini? Umewafunga miguu unawapeleka sokoni?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Tembo akamzungushia Fisi mkonga kiunoni, akamwinua.

"Kesho harusi! Unataka wakwe wanicheke? Kitambaa changu kilichobaki kiko wapi?"

"Kili... kiliisha, mama!"

"Kiko mvunguni, shangazi," akasema Nguchiro taratibu. "Nipe na cherehani yangu, nikukatie mgongo mpya. Jua halitazama kabla majogoo wote hawajasimama."

"Cherehani yako?"

"Yangu, shangazi. Aliibeba, akaniachia ufagio."

"Kumbe!" Bi Tembo akamrusha Fisi juu ya ukuta. Puu! Kisha akaibeba cherehani mwenyewe mpaka nyumbani kwa Nguchiro.

Kesho yake wakwe walilizunguka lile gauni, mbele na nyuma, wakapiga vigelegele. Fisi hakualikwa.

Basi, wadogo zangu, chombo cha mwenzako unaweza kukibeba begani, ujuzi wake utauacha pale pale.