Mafaili ya Alhamisi

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja, mtaalamu wa kompyuta asiye na mwajiri. Ofisi yake ilikuwa mkoba wake, na mtaji wake jina lake tu. Likichafuka, hana pa kwenda. Siku moja akaitwa na ofisi ya ardhi ya wilaya, ambako yeye mwenyewe alizifunga mashine miaka miwili nyuma. Mafaili ya viwanja vya watu yalikuwa yanafutika.

"Mmeripoti huko juu?" akamuuliza mkuu wa ofisi.

"Tumejaribu. Fomu ya kuripoti faili lililopotea inataka tuambatanishe nakala ya faili hilo."

Mtaalamu hakucheka. Watu wa kazi yake hushuku kwanza. Akamshuku mkuu, kwa kuwa na jibu tayari. Akamshuku karani wa masijala, kwa kuwa na funguo nyingi kuliko milango. Akamshuku hata mlinzi wa getini, aliyemwambia kwenye kitabu cha wageni aandike "kikazi" kama wenzake, "maana ukiandika ukweli itabidi tukuulize maswali."

Akakaa wiki tatu na daftari lake. Akagundua kwamba mafaili hufutika kila Alhamisi, saa nne asubuhi. Na saa nne nani huingia chumba cha kompyuta? Mama wa chai.

"Mama, humu ndani unafuata nini?"

"Vikombe vya jana, baba. Mnakunywa, mnaviacha juu ya mashine."

"Na waya huu uliusogeza kwa nini?"

"Si nafagia! Au siku hizi vumbi nalo linaombewa kibali?"

Mtu asiye na hatia hujibu hivyo? Mtaalamu akajiuliza. Na mama angenyamaza, angejiuliza kwa nini amenyamaza. Mwenye shaka hakosi ushahidi, wapendwa. Anaufuga mwenyewe nyumbani.

Akaandika taarifa ya kurasa kumi na mbili. Ikapigwa mihuri mitatu, ikabandikwa ubaoni. Mama aliyeuza chai pale miaka kumi na moja, akasomesha watoto kwa chai hiyo hiyo, akaambiwa asikanyage tena. Mtaani wakaanza kumwita mwizi wa viwanja.

Alhamisi iliyofuata mtaalamu akajifungia katika chumba kile ili ahakikishe. Ilipofika saa nne, mafaili sita yakafutika mbele ya macho yake. Na chumbani hakuwamo mtu ila yeye.

Akaichimbua mashine mpaka chini, akakuta agizo: kila Alhamisi, saa nne, futa chochote ambacho hakijaguswa kwa miaka miwili. Pembeni pameandikwa jina la aliyeliweka. Lilikuwa lake. Aliliweka siku alipozifunga zile mashine, zisije zikajaa takataka, kisha akalisahau. Katika daftari lake la washukiwa, jina hilo moja hakuwahi kuliandika.

Sasa sikieni mtego ulipo. Alichohitaji ni kulifuta agizo lile, basi. Mafaili yangetulia, na ofisi nzima ingesema, "Mmeona? Tangu mama yule aondoke!" Uongo wake ungegeuka kuwa kweli yenye mihuri mitatu. Wewe ungefanyaje? Usijibu kwa sauti. Jirani yako anasikia.

Alilifuta, akanyamaza. Alhamisi mbili zikapita shwari. Mkuu akamshika mkono kwa furaha.

"Hongera, mtaalamu! Kumbe tulikuwa tunakunywa chai ya nyoka."

Mtaalamu akauvuta mkono wake. "Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyefuta mafaili. Mwiteni mama arudi, mnifukuze mimi."

Mkuu akatikisa kichwa. "Wewe hujaajiriwa, bwana. Hatuna namna ya kukufukuza. Halafu kwenye taarifa, ile sehemu ya 'mtuhumiwa' imeshajazwa."

Mtaalamu akatoka, akaibandua taarifa ubaoni kwa mkono wake, akabandika karatasi moja yenye jina lake, namba yake ya simu, na maneno haya: "Ni mimi, si mama." Kisha akaenda kubisha hodi kwa yule mama, mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama.

Alifunguliwa? Hilo mwachieni mwenye mlango. La kwetu ni hili: sisi tunapenda toba ya kimya kimya. Kosa tumeliacha, Mungu anajua, yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Yuko shemeji tuliyesema ana mkono mrefu. Yuko mwanakwaya tuliyemsema kwamba ameiba simu, mpaka akahama kanisa, halafu simu ikaonekana chini ya kiti chetu wenyewe, nasi tukaitia mfukoni tukaendelea kuimba. Kuacha kukosea si kumtua mtu mzigo tuliomtwika.

Nimewaomba wazee wa kanisa wauache mlango huu wazi. Anayejua ni wapi anapaswa kwenda kubisha, asingoje sala ya mwisho. Na sisi tutakaobaki, mtu akiinuka, tusigeuze shingo.