Fuko Alivyoinusa Tumbaku ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Nimepika!

Tumekula.

Mmeshiba?

Bado.

Basi sogeeni. Anayemenya karanga aendelee kumenya, masikio hayamenyi.

Palikuwa na bonde lenye udongo mweusi, ule ambao ukichomeka fimbo leo, kesho unakuta imechipua. Wanyama wa bonde hilo walilima mtama, wakalima kunde, wakalima viazi vitamu. Hawakuwa matajiri. Walikula, wakalala, wakaamka, wakagombana kidogo, wakala tena.

Siku moja Kiboko akapanda kutoka mtoni. Tindi, tindi, tindi. Mdomo wake ulikuwa mpana kama mlango wa ghala, na ghala lenyewe alikuwa nalo. Akawakusanya wanyama wote, akawaambia kwamba wanaishi kizamani. Nani aliyewahi kutajirika kwa kunde? Yeye alikuwa na mbegu ya tumbaku. Alikuwa na mbolea. Wachukue bure, watalipa siku ya soko.

Wanyama walipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu cha bure hulipwaje.

Masharti ya Kiboko yalikuwa mafupi, na aliyarudia mpaka watoto wakayaimba. Shamba lote liwe tumbaku, kunde zing'olewe. Deni hulipwa siku ya soko, kwa zao la aliyekopa. Anayenusa ni aliyekopesha. Na mtu akifika sokoni, deni kwanza, salamu baadaye.

Hilo la kunusa ndilo lililokuwa na kazi. Tumbaku ikishakaushwa kwa moto hufungwa robota kwa kamba, na kila robota hunuswa, likapewa daraja. Daraja la kwanza lina bei. Daraja la chini halina bei, lina pole tu. Basi siku ya soko wanyama walipanga mstari, na Kiboko akaingiza pua yake ndani ya robota. Nusss!

"Daraja la chini. Lina unyevu."

Robota la pili. Nusss!

"Daraja la chini. Linanuka moshi."

Robota la tatu. Nusss!

"Hili zuri. Ila rangi hii mwaka huu haitakiwi. Daraja la chini."

Deni halikwisha. Likabebwa mpaka msimu uliofuata, likakuta deni jipya la mbegu na mbolea, yakaoana, yakazaa. Na kwa kuwa kunde ziling'olewa, wanyama wakaenda kula kwenye ghala la Kiboko, unga ulioletwa na punda kutoka ng'ambo ya milima. Huo nao aliwakopesha. Kiboko alikuwa mkarimu sana wa kukopesha.

Aliyempendeza Kiboko kuliko wote alikuwa Ngiri. Ngiri alifyeka shamba lake mpaka mlangoni, akapanda tumbaku hadi mahali alipokuwa akilala bibi yake mzaa mama. Alikata miti yote ya kilimani apate kuni za kukaushia majani. Kiboko akamvika kofia ya Mkulima Bora, kofia pana yenye unyoya. Mke wa Ngiri alipoomba unga, Ngiri alimwonyesha kofia. Alipoomba mboga, akaigeuza aone na unyoya.

Chini ya shamba la Ngiri alikaa Fuko. Fuko alikuwa mjane. Mumewe alipokufa aliacha watoto, jembe na deni. Jembe lilivunjika mwaka uleule. Deni halikuvunjika.

Fuko haoni vizuri, nyote mnajua, lakini ana pua, na ana makucha, na alikuwa na vinywa vingi vya kulisha. Alipanda tumbaku kama alivyoamriwa, kwa sababu aliyerithi deni harithi na nafasi ya kubisha. Lakini nyuma ya kichuguu, penye miiba ambapo tumbo la Kiboko halikuweza kupita, alichomeka marando ya viazi aliyoachiwa na mama yake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kwenye tumbaku, alichimba kwanza huko. Kwaru, kwaru, kwaru. Alivyovuna akavishusha shimoni, akavipanga kwenye mchanga mkavu, akafunika.

Ngiri alimwona siku moja akitoka miibani na kikapu, akacheka mpaka kofia ikamfunika macho.

"Shemeji, bado unakula viazi?"

"Nakula."

"Hicho ni chakula cha watu walioshindwa maisha."

"Na nyinyi jana mlikula nini?"

Ngiri akairekebisha kofia. Alisema wenye akili hutazama mbele. Fuko akamwacha anatazama mbele, akaenda kupika.

Kisha Kiboko akaja mwenyewe mlangoni kwa Fuko. Tindi, tindi, tindi, udongo ukawaangukia watoto shimoni. Hakukaa. Alisema deni la marehemu limezeeka, na yeye hapendi vitu vizee. Soko lijalo lisipolipwa lote, shamba linakuwa lake, shimo linakuwa lake, na Fuko na wanawe watahamia kwenye mabani yake ya kukaushia tumbaku, wachochee moto mpaka deni liishe.

"Na litaisha lini, Bwana Mkubwa?" Fuko akauliza.

"Hilo utaniachia mimi," akasema Kiboko.

Fuko aliwatazama watoto wake. Walikuwa na macho madogo kama yake na mapafu madogo zaidi. Aliwajua watoto waliopelekwa mabanini. Walirudi wakikohoa, wengine hawakurudi. Hakulia, maana alikuwa na viazi jikoni na vingeungua. Alivigeuza, akafikiri.

Mwaka ule mvua ikagoma. Ilikuwa na haki ya kugoma: miti ya kilimani yote ilikuwa imeingia kwenye moto wa tumbaku. Mto ukakonda. Punda wa unga hawakuja, kwa kuwa ng'ambo ya milima nako kulikuwa kukavu. Na Kiboko, ambaye maisha yake yote alikula majani ya ukingoni, akatoka kwenda malishoni akakuta tumbaku. Akaenda upande wa juu, tumbaku. Akaenda upande wa chini, tumbaku. Ni yeye aliyeamuru ukingo wote ulimwe, kwa hiyo hakuwa na wa kumgombeza.

Akajaribu kuila. Kohoo! Kohoo! Kohoo! Wanyama waliokuwa wamekaa nje ya ghala wakingoja unga wa mkopo walisikia kikohozi, wakaambiana kwa heshima kwamba Bwana Mkubwa ana mafua.

Hapo ndipo Fuko alipopita na kiazi cha kuchoma. Alikaa upande unakotokea upepo. Akakimenya polepole. Akapuliza. Akala kidogo, akapuliza tena.

Pua iliyozoea kunusa haina likizo. Kiboko akatoka ghalani mate yakimchuruzika, akamwuliza anauza kwa kiasi gani.

"Siuzi, Bwana Mkubwa. Nakopesha."

Kiboko akacheka. Alikuwa hajawahi kuwa upande ule wa neno, akaona ni mchezo. Fuko akasema yeye ni mjane tu, hajui masharti ya mikopo, labda Bwana Mkubwa amfundishe, na hawa walioko hapa wasikie wasije wakasema amemwibia. Kiboko akavimba kwa fahari, akayataja mbele ya wote kama alivyoyataja miaka yote. Deni hulipwa siku ya soko. Hulipwa kwa zao la aliyekopa. Anayenusa ni aliyekopesha.

"Na zao lako ni lipi, mzee?" akauliza Fuko.

"Tumbaku. Huoni ghala limejaa?"

"Mimi sioni vizuri. Lakini nimesikia."

Basi Kiboko akala. Alikula kiazi, akasema lete kingine. Fuko akaleta kingine. Alikula hicho, akasema lete kikapu. Fuko akaleta kikapu. Alikula kikapu, akasema lete shimo lote. Fuko akaleta, lakini si lote, kwa sababu hakuwa mjinga, na watoto walikuwa wakila kwanza. Wakati wote wa ukame ule Kiboko alikula kwa mkopo, akanenepa, akalala akikoroma. Mke wa Ngiri naye alikuja kwa njia ya nyuma, amejifunika khanga usoni, akaomba. Fuko akampa viazi vya kula na marando ya kupanda, akamwambia asimwonyeshe mwenye kofia.

Siku ya soko ikafika. Wanyama wakapanga mstari na marobota yao vichwani. Kiboko akakaa mahali pake, akaita jina la Fuko kwanza, kwa kuwa shamba lile jeusi alishaliota. Fuko akaja mikono mitupu. Kiboko akafungua mdomo kumsalimu kwa kejeli.

"Deni kwanza, Bwana Mkubwa," akasema Fuko. "Salamu baadaye."

Mstari ukanyoosha shingo. Kiboko akatazama huku na huku, akaona wote walisikia siku ile, akaamua kumaliza haraka. Alitoa robota moja ghalani, akalitupa mbele yake. Puu! Fuko akalipanda kwa makucha, akaingiza pua.

Nusss.

"Daraja la chini," akasema. "Lina unyevu."

Kiboko akatoa la pili. Puu! Nusss.

"Daraja la chini. Linanuka moshi."

Akatoa la tatu. Puu! Fuko hajafungua kinywa, mstari mzima ukasema kwa pamoja, bila kuambiwa, maana waliyajua maneno hayo kwa moyo kuliko majina ya watoto wao:

"Hili zuri. Ila rangi hii mwaka huu haitakiwi."

Robota baada ya robota, ghala likaanza kutoa mwangwi, na deni la viazi halijasogea. Kiboko akatokwa jasho. Akaingia mpaka nyuma kabisa, alikoficha aliyoyatenga kuuza ng'ambo kwa bei kubwa, akatoka na robota la rangi ya dhahabu, jani refu, laini, bila doa.

"Hili huwezi kulishusha," akanguruma. "Hili ni daraja la kwanza. Nimelinusa mwenyewe. Hakuna bora kuliko hili bonde zima."

Fuko hakulinusa. Alipapasa kamba yake, kwa kuwa mwenye macho hafifu huona kwa vidole. Lilifungwa kwa fundo nene la mkia wa ngiri, fundo ambalo ni mmoja tu aliyelifunga vile.

"Shemeji," akaita, "hebu njoo. Robota hili ni la nani?"

Ngiri akaja, akavua kofia aone vizuri. Akalizunguka. Akalizunguka tena.

"Ni langu," akasema. "La mwaka jana. Uliniambia ni daraja la chini." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mnyama mwenye meno kama yale. "Nilibaki na deni. Tulikula magome."

"Basi chagua, mzee," Fuko akamwambia Kiboko. "Kama ni la chini, bado hujanilipa mimi. Kama ni la kwanza, hujamlipa huyu, wala yule, wala wote unaowaona na mizigo kichwani. Mimi sina haraka."

Kiboko akalivuta robota nyuma ya mgongo wake. Mstari ukaanza kusogea, si kwenda mbele mmoja mmoja, bali wote kwa pamoja, kwa mapana. Kiboko akasema basi, deni la mjane limekwisha.

"Na lao," akasema Fuko.

"Na lao."

"Sema kwa sauti, sisikii vizuri vilevile."

Akasema kwa sauti. Kisha akageuka, akakimbia, tinditinditindi, akajitosa mtoni, chubwii! Mpaka leo Kiboko hushinda ndani ya maji, ametoa macho na pua tu. Watu husema anaogopa jua. Anaogopa wanaomdai.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Hamlijui bonde lile.

Mvua zilirudi. Fuko akamgawia kila jirani marando, na wengi wakayachomeka. Hawajamaliza hata kuvuna mara moja, Nyati akashuka kutoka mlimani na mbegu mpya, zao la maua, akasema ng'ambo wanayagombania. Mbegu bure, watalipa siku ya soko. Ngiri ndiye aliyetangulia kwenye mstari. Alikuwa ameng'oa viazi vya mkewe usiku kucha kupata nafasi.

"Shemeji, njoo ujiandikishe," akamwita Fuko aliyepita na kikapu. "Huyu si kama Kiboko. Huyu ana pembe."

"Hayo maua yanaliwa?"

Ngiri akacheka, akasema kweli kutosoma ni balaa. Halafu akamsogelea, akashusha sauti, akaomba amkopeshe viazi kidogo, vya kusukuma siku mpaka maua yakomae.

Fuko akatua kikapu. Alikuwa amechoka, na nyumbani kulikuwa na nguo za kufua. Angeweza kusema mengi.

"Nitakupa," akasema. "Lete kofia."

Ngiri alifikiri sana kuliko alivyofikiri kwa shamba lake. Mwishowe akaivua. Fuko akamhesabia viazi mke wa Ngiri mkononi, si Ngiri mwenyewe, akaenda na kofia shimoni. Ipo huko mpaka leo. Watoto wake huitilia maganda.

Na fundisho la ngano hii, kwa kuwa lazima liwepo, ni hili: pandeni mnachoambiwa, msipande mnachokula, na mkiona kitu cha bure, wahini mstari. Kiazi hakijawahi kumpa mtu heshima.

Ngano imefika ukingoni, imevua viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mkopesheni jirani.