Sweta la Aliyemwokoa Lusajo

Siku ile walikuwapo Lusajo mfungwa, Masunga aliyelala naye chumba kimoja, askari Kibwana na daktari Nasra.

Masunga alijaliwa jicho la kuona lisilosemwa. Kibwana alikuwa na ujasiri, ingawa aliuficha. Nasra hakuchoka kutazama kitu mara mbili. Lusajo yeye alikuwa na uongo. Alishameza kifungo cha shati, akameza na skrubu, ili tu apelekwe hospitali akaone barabara. Kwa hiyo aliposema amemeza betri ya saa, ile ndogo ya duara, gereza zima lilicheka.

Masunga hakucheka. Alimwona mwenzake akitema mate kwenye kopo badala ya kuyameza. Chumbani mwao, anayemwita askari huitwa msaliti na hunyang'anywa blanketi. Masunga aligonga mlango.

"Afande, leo hafanyi mchezo."

Kibwana aliijua hila hiyo: mmoja anaugua, mwingine anashuhudia, njiani mtu anatoroka. "Mmepanga nini nyie wawili?" akauliza. Hata hivyo alimpa Lusajo maji, nayo yakarudi puani. Mkuu wa gereza hakuwapo, na gari halitoki bila idhini yake. Kibwana akalitoa. Njiani akamlegezea pingu, huku jicho likiwa kwenye mlango.

Hospitalini, Nasra naye alimshuku. Picha ya eksirei ilionyesha duara kifuani, kwenye njia ya chakula.

"Hiyo sarafu, daktari," Kibwana akasema. "Kala hela yake mwenyewe."

Kama ni sarafu, ingeweza kusubiri. Nasra akaitazama picha tena, akaona ukingo una mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ilikuwa betri, na betri ikikaa huunguza nyama. Akampitishia mpira wenye kamera, akaitoa papo hapo.

Mama yake Lusajo alifika na sweta alilolifuma mwenyewe. Akaambiwa mfungwa havai nguo za nyumbani.

"Basi mpe aliyekuokoa, mwanangu. Liko moja tu."

Lusajo akawaza. Masunga, anayetoka mwezi ujao, labda alijipendekeza kwa wakubwa. Lakini usiku huo alilala bila blanketi. Kibwana labda aliogopa kufiwa na mfungwa mikononi. Lakini aliweka kazi yake rehani. Nasra analipwa mshahara. Lakini angeweza kukubali kuwa ni sarafu. Mmoja wao angekaa kimya, Lusajo angezikwa.

Je, nyinyi mnaosikiliza, sweta mngempa nani?

Lusajo alirudishwa gerezani, na hadi leo kila baada ya mlo anafunguliwa mdomo na kukaguliwa.