Kalunde Aliyefunua Vyungu vya Utungwa

Katika zama zile ambazo nchi ya Utungwa ilikuwa na Mtemi mmoja, ghala moja na lango moja, na watu wa vijiji vyake kumi na viwili wakilala na kuamka wakitazama upande wa ikulu, alizaliwa Kalunde binti Mihambo, mjukuu wa Sayi aliyefua jembe la kwanza la nchi hiyo, wa ukoo wa wahunzi. Huyu ndiye Kalunde Asiyeketi, Kalunde Bega la Mninga, mwanamke aliyebeba matenga mawili ya uwele mlimani na bado akawaacha nyuma wanaume waliobeba fimbo tu.

Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Nshoma, mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na shingo ngumu.

Siku hizo kila nyumba ilipeleka ikulu sehemu ya mavuno yake. Ilipofika miezi ya njaa, wakati uwele wa zamani umekwisha na mpya bado ni majani, wajane, yatima, wazee na vilema walikwenda langoni kuomba. Hawakupewa hivi hivi. Ilimlazimu kila mmoja apige magoti vumbini na kuimba majina ishirini na saba ya sifa za Mtemi Lugembe, mbele ya mwangalizi wa ghala aliyeitwa Shigela. Aliyesahau jina moja alirudi na kikapu kitupu, na wapita njia wakamcheka.

Nshoma alikwenda mara moja tu. Alipofika jina la kumi alinyamaza, akainuka, akapangusa magoti yake, akamshika Kalunde mkono wakarudi nyumbani. Miezi miwili walikula mizizi ya porini. Na tangu siku ile Kalunde hakuweza kutulia. Hata chakula alikula amesimama, macho yake njiani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Alipokuwa mwanamke mzima ukaja mwaka wa ukame, na watu wakafa langoni wakiwa bado wanaimba. Ndipo Kalunde akaja mbele ya ghala, akaweka bega lake kwenye mlango wa mninga ambao wanaume wanane waliufunga kila jioni, akasukuma, na mlango ukang'oka pamoja na nguzo zake. Watu wakaona yaliyokuwa ndani. Uwele ulifika darini, na wa chini, uliokaa miaka bila kuguswa, ulikuwa umeliwa na fukusi ukawa vumbi. Hakuna aliyepiga kelele. Mtemi Lugembe alisikia ukimya ule kutoka chumbani mwake, akatoka kwa mlango wa nyuma na ngoma zake, na Utungwa haikumwona tena.

Koo zote zilikusanyika barazani, wakamwekea Kalunde kigoda cha Mtemi. Hakukikalia.

"Wazee wangu," alisema, "aliyeketi hapa hasikii tumbo la jirani yake. Kiacheni kitupu. Uwele nao usilale tena mahali pamoja; kila kijiji kiwe na kihenge chake, na mwenye njaa asiimbe."

Shigela alikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyemchukia kiasi cha kumfukuza. Akacheka.

"Binti Mihambo, bega unalo. Sasa tuambie, bila lango utamjuaje mwenye njaa? Utapita unanusa vinywa vya watu?"

Baraza zima likacheka pamoja naye.

"Nitatazama moshi," Kalunde alijibu. "Kila asubuhi mtu mmoja wa kila kijiji atapanda mahali pa juu. Nyumba isiyotoa moshi haina cha kupika, na majirani wataipelekea uwele bila kuulizwa."

Wazee wakanong'ona. Mpango ulikuwa mzuri kwa kuusikia, lakini walikuwa wamezoea lango, na mtu huogopa asilolijua. Basi Kalunde, ambaye hakuwa na subira ya kubembeleza, akaweka kiapo. "Akifa mtu mmoja kwa njaa kabla ya mavuno, rudisheni mlango na mwangalizi wake, na mimi nitaondoka Utungwa."

Wazee wakakubali, uwele mzima wa ghala ukagawanywa katika vihenge kumi na viwili, na miezi ya njaa ikaanza. Kalunde hakukaa siku nzima katika kijiji kimoja. Alfajiri alikuwa juu ya kilima hiki, mchana alikuwa bondeni akiwagombeza wenye kihenge waliochelewa, jioni alikuwa njiani tena. Mto Mwisenga ulipofurika na kukata vijiji viwili, aliuvuka mara tisa na matenga kichwani, maji yakimfika kidevuni. Wajane walikula bila kuimba. Vilema waliletewa uwele mlangoni na watu waliokuwa wakiwaruka njiani. Watu wakaanza kumtungia sifa, naye akawakataza kwa ukali, kwani sifa zilimkumbusha vumbi la langoni.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Kila asubuhi alihesabu moshi, na kila asubuhi alihisi kuna kitu kimempita. Jambo moja tu lilimtuliza: moshi wa nyumba ya shangazi yake, uliopanda kabla ya mwingine wowote, mnene, ulionyooka. Akiuona alijisemea, "Huyu yuko salama," akageukia kijiji kingine. Siku arobaini aliuona moshi ule, na siku arobaini hakuingia mle ndani.

Siku ya arobaini na moja alipita karibu, akachuma mlenda kando ya njia, akaupeleka. Nshoma alikuwa amelala ubavu kando ya mafiga. Moto uliwaka vizuri na chungu kilikuwa juu yake. Kalunde akafunua mfuniko. Ndani yalikuwamo maji matupu, yakichemka.

"Shangazi! Mbona hukuuzima moto? Siku moja tu ungeuzima, wangekuja."

"Wangekuja, mwanangu. Wakanisengenya njia nzima." Sauti ya Nshoma ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Halafu Shigela angesema, tazameni, hata shangazi yake Kalunde ana njaa. Nikaona niuache uwake."

"Uliuwasha kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako na kwa ajili ya shingo yangu hii. Usinililie. Huo mlenda, umeutia magadi?"

Kalunde aliupika, akamnywesha kidogo kidogo, lakini tumbo lilikuwa limesahau kazi yake. Kabla jua halijafika utosini Nshoma alikuwa amekufa.

Yeye na maiti walikuwa peke yao ndani ya nyumba. Nshoma alikuwa mzee, na wazee hufa. Mavuno yalikuwa yamebaki siku kumi na nane. Kama Kalunde angefunga mdomo, mlango wa mninga usingerudi, watu wasingepiga magoti tena, na kiapo kingepita salama. Alizunguka mafiga yale mara nyingi mno, akitoka hadi mlangoni na kurudi, akitoka na kurudi. Kisha akakiepua kile chungu, na maji yake yote, akaenda nacho barazani.

"Shangazi yangu amekufa kwa njaa," alisema, "na moto wake ukiwaka. Nilitazama moshi, sikutazama chungu."

Shigela akainuka, akakung'uta shuka lake. "Mmesikia wenyewe. Sitaki kumsema marehemu, lakini kama angekuja langoni na kuimba, leo angekuwa hai. Uleteni mlango."

Vijana wawili walikwisha inuka kwenda kuuchukua. Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha, mke wa mfinyanzi, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi pia niliwasha moto mtupu. Siku tatu." Mume wake akamgeukia kwa mshangao. Mzee mmoja kipofu akasema, "Mimi siku tano." Kisha mwingine akasema, na mwingine, hadi wale vijana wawili wakaketi.

"Nani aliwafundisha kuona haya?" Kalunde aliuliza. "Ni lile lango. Mlango niliung'oa, lakini lango lenyewe limebaki ndani yetu, na mimi nilidhani moshi ungelivunja. Tukisema sasa tufunue vyungu vya maskini peke yao, tutakuwa tumelijenga upya. Tutafunua vyote. Cha tajiri kwanza."

Akatoka barazani kwa hatua zake ndefu, watu wote nyuma yake, akaingia jikoni kwa Shigela, akafunua. Jogoo mzima alikuwa akielea kwenye mchuzi, na Shigela alikuwa amewaambia majirani kwamba kuku wake wote wamekufa kwa kideri.

"Kumbe kideri cha kwako kina kitunguu, mzee!" mke wa mfinyanzi akasema, na kicheko kikapasuka hadi nje. Shigela alisimama katikati ya kicheko kile, akitafuta pa kutazama. Alikuwa ameketi langoni miaka thelathini akisikiliza watu wakichekwa, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza. Hakuutaja mlango tena. Mwishowe akasema, "Basi pakueni, mnangoja nini," nao wakala wote, kila mmoja tonge moja.

Siku ile ile koo zikamsamehe Kalunde kiapo chake. Yeye hakujisamehe. Alipita vijiji vyote kumi na viwili, akafunua vyungu vya wakubwa na wadogo, akawaachia wenyeji kazi hiyo wafunuliane wao kwa wao, na wote wakafika mavuno wakiwa hai. Mganda wa kwanza wa uwele ulipokatwa alifunga nguo yake kiunoni. Walimzuia kwa mikono na kwa machozi. Akawaambia, "Nikibaki baada ya neno langu, kesho atakuja mwingine naye atabaki baada ya neno lake, na mtampa kigoda." Akapanda kilima cha mashariki, akashuka upande wa pili, na hakuna aliyemwona tena.

Tangu hapo Utungwa haikuwa na Mtemi. Mgeni wa nchi nyingine akifika kule hushangaa, maana jirani huingia jikoni kwako kabla hajaketi, akafunua chungu chako bila kuomba ruhusa, awe ni mwenye ng'ombe mia au mjane. Akikikuta kimejaa hukifunika. Akikikuta kitupu hukifunika vilevile, bila neno, kisha hutoka, na kabla hujajua cha kusema amerudi na kikapu.

Kaburi la Nshoma lipo, na kila mavuno watu hulimwagia unga. La Kalunde halipo. Kina mama wa Utungwa, wanapofunua vyungu asubuhi, bado husimama kidogo na kutazama upande wa mashariki, kwa kuwa hakuna ajuaye kama huko alikokwenda alipata mtu wa kumfunulia chake.